Nilivyofundisha Nomino Muhuru Bay

Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Mimi ni mjukuu wa wavuvi na methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, lakini sikuielewa barabara mpaka likizo ya Agosti iliyopita, nilipojikuta mwalimu wa watoto 14 chini ya mkuyu ulio nyuma ya nyumba ya nyanya, huko Muhuru Bay.

Kisa chenyewe kilianza siku ya kufunga shule. Mwalimu mlezi wa chama chetu alitukusanya akatupa kazi. Kila mwanachama amtafute mtoto wa shule ya msingi, amfundishe jambo moja la sarufi, kisha aandike. Tulipoanza kunung'unika kwamba likizo ni ya kupumzika, alitutazama juu ya miwani akasema, "Msiniandikie mlichofundisha. Niandikieni mlichojifunza." Wakati ule niliona ni maneno tu ya walimu. Leo namwomba radhi.

Mimi nilichagua nomino. Nilisema moyoni, nomino ni mchezo wa watoto, nitaimaliza kwa siku moja kisha nifurahie mbuta wa nyanya. Lo! Mpanda ngazi hushuka.

Kwa wale wasiopajua kwetu, Muhuru Bay iko katika kaunti ya Migori, upande wa Nyatike, mahali ambapo nchi kavu ya Kenya inajichomeka ndani ya Ziwa Viktoria karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Ukivuka mpaka unaelekea Shirati, katika mkoa wa Mara. Wavuvi wengi waendao kisiwa cha Migingo, kile kisiwa kidogo ambacho Kenya na Uganda zimekizozania, huondokea kwetu. Lugha ya nyumbani ni Kijaluo. Kiswahili tunakisikia sokoni na kwa wafanyabiashara wanaotoka Tanzania. Kiswahili cha vitabuni, kile chenye nomino, vitenzi na vivumishi, mtoto hukutana nacho darasani, na mara nyingi hukutana nacho kama mtu anayekutana na askari.

Shangazi yangu ndiye aliyeniletea mwanafunzi wa kwanza, mwanawe wa Gredi ya 3. "Huyu sarufi imemlemea," alisema. "Akiulizwa swali la Kiswahili anatazama viatu." Kesho yake binamu huyo akaja na rafiki zake 3, na hao wakawaita wengine. Kufikia siku ya tatu walikuwa 14, wa Gredi ya 2 na ya 3. Lakini nieleze kwanza aibu ya siku ile ya kwanza.

Nilikuwa na kipande cha ubao mweusi na chaki. Niliandika kwa hati nzuri: Nomino ni neno linalotaja jina la mtu, mnyama, kitu, mahali, hali au dhana. Nikawaamuru wasome. Wakasoma. Nikawaamuru warudie bila kutazama. Wakarudia kwa sauti moja kama kwaya ya kanisa, hata kuku wakakimbia. Nikajiona nimefika. Kisha nikauliza, "Haya, nani atanipa nomino moja?"

Kimya.

"Moja tu. Yoyote."

Binamu yangu aliinuka akaanza, "Nomino ni neno linalotaja jina la..." Nikamkatiza, "La, hiyo ni maana. Nipe nomino yenyewe." Akatazama viatu. Bahati mbaya hakuwa na viatu, akatazama vidole. Hatimaye msichana mmoja mdogo wa Gredi ya 2 aliinua mkono kwa furaha, akaja mpaka mbele, akaweka kidole kwenye neno nililoliandika ubaoni. "Tichaa, nomino ndiyo hii hapa."

Nilishika tama. Kwa watoto wale nomino lilikuwa neno linaloishi ubaoni. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa nazo tele mdomoni tangu alipoamka.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikauweka ubao kando, nikachukua kikapu kikubwa cha nyanya, nikawaambia watoto, "Nendeni ufuoni. Kila mmoja arudi na kitu kimoja. Asiibe!" Walitoweka kama upepo. Baada ya muda mfupi kikapu kilijaa: kipande cha wavu, boya, ndoano iliyoliwa na kutu, kamba, kasia lililovunjika, jiwe, taa isiyowaka, ganda la konokono, kikombe kisicho na mkono. Mvulana mmoja alileta kuku wa jirani akiwa hai, naye ilibidi arudishwe mara moja kabla ya vita.

Mchezo ulikuwa huu. Mtoto anafumba macho, anatia mkono kikapuni, anashika kitu kimoja na kukipapasa, kisha anasema, "Nimeshika..." na kukitaja kabla ya kukitoa. Akikosa neno la Kiswahili, ruhusa kulitaja kwa Kijaluo, na wenzake wamsaidie kulipata la Kiswahili. Najua wako watu wanaoamini kwamba mtoto akisema lugha ya mama darasani ametenda dhambi. Mimi niliona kinyume chake. Mtoto aliyeruhusiwa kuanzia nyumbani alifika kwenye Kiswahili upesi kuliko yule aliyezibwa mdomo.

Ugomvi ulizuka tulipofika kwenye samaki. Niliweka omena wachache juu ya ungo. "Nimeshika omena!" akasema mmoja. Msichana aliyewahi kukaa kwa jamaa zake Shirati akapinga, "Hiyo siyo omena, hiyo ni dagaa." Wakapandishana sauti. Nikaona hili ndilo somo lenyewe. Nikawaeleza kwamba samaki ni yuleyule ila majina ni mawili. Huku kwetu tunasema omena, mbuta na ngege, na wenzetu wa Tanzania wanasema dagaa, sangara na sato. Maneno yote 6 ni nomino. Samaki haogelei vingine kwa kuvuka mpaka. Basi wakacheka, na kuanzia hapo ikawa fahari mtoto kujua majina mawili ya samaki mmoja.

Siku iliyofuata tulikata maboksi ya katoni vipande vipande, tukaandika majina ya vitu, tukavibandika kwa uji mzito. Mlango ukaandikwa MLANGO, mtungi ukaandikwa MTUNGI, na babu mzee wa jirani aliyekuja kuomba moto wa sigara alirudi kwake akiwa na neno MTU mgongoni. Mbuzi wa nyanya alifungwa neno MBUZI shingoni. Kufumba na kufumbua, mbuzi wa pili akalitafuna lile neno lote. Watoto walianguka kwa kicheko. "Tichaa! Tichaa! Nomino imekuliwa!" Nikawasahihisha kwamba husemwa imeliwa, lakini nami nilikuwa nalia kwa kucheka.

Kisha tukafanya majina yetu wenyewe. Nikawaambia kwamba jina la mtu mmoja au la mahali pamoja ni nomino ya pekee, nayo huanza kwa herufi kubwa popote iwapo: Muhuru, Migingo, Shirati. Hapo mtoto mmoja aitwaye kwa jina la jua akaniuliza swali ambalo hata vitabu vyetu vya kidato cha tatu havijanijibu. "Tichaa, mimi naitwa Ochieng kwa sababu nilizaliwa mchana jua likiwaka. Na jua ni chieng'. Sasa mimi ni nomino ya pekee ama ya kawaida?" Wenzake wakadakia. Kuna Okoth aliyezaliwa mvua ikinyesha, kuna Atieno wa usiku, kuna Akinyi wa asubuhi. Nilifikiri kidogo, nikamjibu kwamba jua la wote ni nomino ya kawaida, bali likishapewa mtoto mmoja kuwa lake, limekuwa la pekee. Alitabasamu siku nzima.

Msidhani mambo yaliteleza tu kama mtumbwi majini. Tulipofika kwenye umoja na wingi, tulikwama kabisa. Nikisema "mtumbwi mmoja, wengi je?", nusu yao walisema "mtumbwi nyingi" na nusu wakanyamaza. Nilirudia mara 10. Sauti ikanipanda. Mtoto mmoja akaanza kulia.

Nyanya alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Penye wazee haliharibiki neno. Nyanya hakusoma zaidi ya darasa la pili, lakini ameishi sana na watu wa lugha nyingi. Aliniita akaniambia kwa Kijaluo, "Mjukuu wangu, unawashika watoto mkia. Kwetu neno hugeuka mkia. Neno la Waswahili hugeuka kichwa."

Nilisimama kama niliyepigwa na radi. Hebu fikirini, wasomaji. Kwa Kijaluo mbwa mmoja ni guok, wakiwa wengi ni guogi. Mlima mmoja ni got, mingi ni gode. Kichwa kinabaki, mkia ndio unaobadilika. Kwa Kiswahili ni mvuvi, wavuvi, kikapu, vikapu. Mkia unabaki, kichwa ndicho kinachobadilika. Watoto wale hawakuwa wajinga hata kidogo. Walikuwa wakisikiliza mwisho wa neno, mahali ambapo lugha yao imewafundisha kusikiliza, na mwisho wa neno la Kiswahili hausemi chochote kuhusu wingi! Nyanya aliongeza kwamba wazee wa kale wa ukoo wetu, waliosema Kisuba kabla ya Kijaluo kuenea, nao waligeuza kichwa. Ni kweli, maana Kisuba ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili. Litazameni jina lenyewe Abasuba. Hiyo aba- ya mwanzo ni ndugu wa wa- tunayoisikia katika Waswahili na Wajaluo.

Jioni ile nilikata samaki wa katoni. Kila samaki alikuwa na mwili mmoja na vichwa viwili vya kubandua. Mwili uliandikwa TUMBWI, kichwa kimoja M na kingine MI. Mwili wa pili KAPU, vichwa KI na VI. Mwili wa tatu AVU, vichwa W na NY, maana wavu mmoja, nyavu nyingi. Mwili AMBO, vichwa CH na VY. Mwili WE, vichwa JI na MA. Asubuhi nilivitawanya vichwa mchangani na kuwagawia watoto miili. Nikipiga makofi, kila mmoja akimbilie kichwa cha umoja. Nikipiga tena, akitupe na kutafuta cha wingi. Kelele zilizopigwa! Aliyemvika samaki kichwa kisicho chake alizomewa, "Huyo ni samaki wa ajabu!" Kabla ya saa sita, binamu yangu yule wa kutazama viatu alikuwa akiwasahihisha wenzake.

Kisha nikawatolea samaki wasiobadilika kichwa: TAA, KAMBA, na neno SAMAKI lenyewe. Wakatafuta kichwa cha pili mchangani mpaka wakachoka. Nikawaonyesha siri. Kichwa kisipobadilika, tazama neno linalofuata. Taa inawaka, taa zinawaka. Samaki anaruka, samaki wanaruka. Nomino ni kama injini ya boti, inakokota maneno mengine nyuma yake. Hata mimi hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vitabu vya zamani huita ngeli ya mtumbwi M-MI, na vya siku hizi huiita U-I. Vya zamani vilitazama kichwa cha nomino, vya sasa vinatazama kile inachokikokota: mtumbwi unazama, mitumbwi inazama. Nilikuwa nimekariri jambo hilo tangu kidato cha kwanza bila kulifahamu.

Mwisho tukajaribu MAJI. Umoja wake? Wakatafuta kichwa. Nikawaambia hayana. Maji ni maji, yawe tone au yawe ziwa zima. Kumbukeni jambo hili, nitalirudia.

Sasa niungame kosa langu. Katika furaha ya kikapu nilikuwa nimewaambia watoto kwamba nomino ni kitu unachoweza kukishika. Siku ya sita yule msichana wa Gredi ya 2 akaniuliza, "Tichaa, na njaa? Mimi niko nayo lakini siwezi kuishika." Nilibabaika. Kisha nikakumbuka kipimo alichotufundisha mwalimu wetu wa Kiswahili: weka -angu baada ya neno, likikubali, hiyo ni nomino. Njaa yangu, yakubali. Woga wangu, wakubali. Kimbia yangu? Hapana, inakataa. Basi tukatengeneza mpira wa matambara tukaufunga kwa nyuzi za nyavu kuukuu. Anayerusha anataja neno, anayedaka analijibu: kasia, "langu!", kikapu, "changu!", ndoto, "yangu!" Likiwa siyo nomino, auache mpira uanguke chini. Mjanja mmoja akarusha neno "kuvua". Mdakaji akasita, akasema, "Kuvua kwangu!" Nikampa alama. Kutoka kwa vua moja tukapata mvuvi, uvuvi na kuvua, zote nomino.

Katika kundi lile alikuwamo mvulana mmoja mwembamba wa Gredi ya 3 ambaye hakusema neno siku zote hizo. Alicheza, alikimbia, alidaka mpira, lakini neno lake hatukulisikia. Nilidhani ni haya tu.

Siku ya saba niliwatolea samaki mwenye mwili TANGA. Ziwani kwetu mpaka leo utaona mtumbwi wenye tanga ukipita. Nikauliza wingi wake. Binamu yangu akabandika kichwa MA: MATANGA. Watoto wakaanza kucheka. "Tichaa, hiyo ni ya maiti!" maana kwetu mtu akisema anaenda matanga, anaenda kwenye kilio. Nami nikacheka pamoja nao, nikaanza kueleza kwamba ni matanga ya mitumbwi. Nilipogeuka, yule mvulana alikuwa ameinuka. Aliondoka polepole bila kutazama nyuma.

Nyanya aliniambia jioni. Mtumbwi wa baba yake ulipinduliwa na dhoruba usiku mmoja mwaka uliotangulia. Matanga yalifanyika nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mimi nilikuwa shuleni, sikujua. Nilijisikia vibaya kiasi kwamba chakula kilinishinda. Nilikuwa nimewachekesha watoto kwa neno lililomchoma mwenzao.

Kesho yake hakuja. Wala hakuja siku iliyofuata, na wengine nao wakaanza kupungua. Hapa lazima nieleze desturi ya ziwa letu. Omena huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi nyingi ni za betri na za nguvu ya jua, na wale samaki wadogo hufuata nuru wakakusanyika, ndipo nyavu hutupwa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina nguvu, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Darasa langu lilikuwa limejaa kwa sababu mwezi ulikuwa mkubwa. Sasa giza lilirudi, mitumbwi ikarudi majini, na kila asubuhi kulikuwa na omena wa kuanika. Mtoto atawezaje kuja kucheza samaki wa katoni, ilhali samaki wa kweli wanamngoja mama yake ufuoni?

Nilipiga moyo konde. Asubuhi moja nikashuka ufuoni na kamusi ya nyanya, yaani ile aliyoachiwa na mjomba, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Nilimkuta mvulana yule akimsaidia mama yake kutandaza omena juu ya nyavu kuukuu. Niliwaamkia, nikachuchumaa, nikaanza kutandaza nami. Hatukusema kitu kwa muda mrefu. Ukitandaza omena lazima uwatenganishe vizuri, wakilaliana wanaoza. Jua lilipopanda, akaniuliza kwa sauti ndogo, na hayo ndiyo maneno ya kwanza kuyasikia kutoka kwake:

"Tichaa, ile matanga ya baba, moja yake ni nini?"

Nilitaka kujibu haraka kwamba ni tanga, kisha nikajizuia. Nikafungua kamusi. Tanga la mtumbwi lina wingi wake, matanga. Lakini matanga ya msiba husimama kwa wingi peke yake. Nikamwonyesha. "Haina moja," nikamwambia. "Huwezi kusema tanga la msiba. Ni matanga tu."

"Kama maji?"

"Ndiyo. Kama maji."

Alinyamaza akalitazama ziwa. Nikaongeza jambo lisilo katika kamusi. Nilimwambia labda ni kwa sababu mtu mmoja hawezi kufanya matanga peke yake, lazima watu waje. Mwalimu wa sarufi atanisamehe. Mama yake, ambaye sikujua kama anatusikiliza, aliitikia kwa kichwa, akasema walikuja wengi kweli.

Kuanzia siku ile nilihamishia darasa ufuoni. Tulianika omena huku tukirushiana nomino. Mikono ikifanya kazi, midomo inasoma. Akina mama wenyewe wakaanza kujibu, "Langu! Zangu! Yangu!" na mmoja wao aliwashinda watoto wote kwa vyombo vya jikoni.

Siku ya mwisho kabla ya kupanda matatu kurudi shuleni, nilimwomba kila mtoto atengeneze samaki wake mwenyewe wa katoni na aniletee. Wengi waliniletea vitu walivyovipenda: mpira, kiatu, mandazi. Yule mvulana aliniletea samaki mkubwa asiye na kichwa cha kubandua. Alikuwa ameandika BABA.

"Kichwa hakibadiliki," alinieleza. "Tukitia -angu, inakubali. Baba yangu."

Niliitikia tu. Nilikuwa nimewaambia kwamba nomino ni kitu unachoweza kukishika. Mtoto wa Gredi ya 3 akanionyesha kwamba nomino ndicho tunachobaki nacho pale mkono usipofika.

Wanachama wenzangu, sasa natimiza agizo la mwalimu mlezi: nilichojifunza. Kwanza, usianze na maana ya nomino, anza na nomino yenyewe. Mtoto ashike, apapase, abandike, arushe, kisha maana atakupa yeye. Pili, mtoto akishindwa, usidhani ni mzito wa akili. Chunguza lugha yake ya nyumbani inamfundisha kusikiliza wapi. Mwenzetu wa Kijaluo anasikiliza mkia, basi mwonyeshe kichwa. Tatu, kabla ya kucheka neno, jua limekaa moyoni mwa nani. Na nne, darasa lisiloweza kumfuata mtoto ufuoni litabaki tupu kila mwezi unapofifia.

Binamu yangu ameniandikia barua muhula huu. Ina makosa, siwezi kuficha, lakini ina nomino 31, na chini ya kila moja amepiga mstari. Ya mwisho ni jina langu, na ameliandika kwa herufi kubwa.

Hapa ndipo ninapoiweka kalamu chini. Kiswahili kitukuzwe!